Njia ya Wageni

...teremsha kidogo, anasema Anyona, hilo limeinuka, wageni watajikwaa, na mimi nimepiga magoti hapa kati ya lango na mlango wa Mama, jiwe la kabro mkononi, mchanga umeniingia kwenye kucha, wageni, eti wageni, marafiki zake wa ofisini watakaokuja Alhamisi kumzika mtu wasiyemjua, wasije wakachafua viatu kwa udongo wa Sironga, siku nne tu tangu Mama afariki na lori limeshamwaga mawe, kumbe iliwezekana, kaka yangu, miaka mitatu Mama alikuomba kwa simu, Anyona mwanangu, hapa mlangoni panateleza, niwekee hata mawe matano tu, nawe ukamjibu tutaona Mama, tutaona Krismasi, na Krismasi ikaja ukaegesha gari kwenye nyasi ukala kuku ukaondoka... "Bathsheba, unanisikia? Gonga upande wa kushoto." Nasikia, nimekusikia, nagonga kwa nyundo ya mpira na laiti ningekuwa nagonga kitu kingine, angalia anavyosimama, mikono kiunoni, suruali safi, jana aliwaambia wazee wa kanisa kwamba hii ni heshima ya mwisho kwa mama yake, wakaitikia amina, heshima gani, nyonga ilivunjika papa hapa, hapa nilipoweka goti, mvua ya asubuhi, kandambili moja ilibaki kwenye tope, wiki tano hospitalini halafu basi, wewe ndiye uliyemuua, Anyona, wewe na tutaona yako, nimelisema moyoni tangu mochari, nalisema tena... "Mama angefurahi kuona njia hii," anasema, na sauti yake inakatika, analia, mjinga huyu analia kweli, na hajui, hakuna anayejua, niliwaambia wote kwamba asubuhi ile nilikuwa sokoni Nyakoe, wakanihurumia, lakini sikwenda Nyakoe, nilikuwa jikoni, nikiota moto, nilimsikia Mama akiita Bathsheba njoo unishike mkono nifike chooni, nikasema subiri, nilikuwa nimemkasirikia kwa sababu ya uji, uji tu, alisema una maji, nikamwacha asubiri, akaita mara ya pili, sikujibu, ya tatu haikuwa jina langu, ilikuwa kishindo... "Sasa limekaa sawa?" anauliza, anajifuta macho, na mdomo wangu unafunguka, Anyona, nilikuwepo, nilikuwepo nyumbani, lakini kinachotoka ni, "Bado," na nagonga, nagonga, na hasira ile yote niliyombebesha yeye imenirudia mwenyewe, sina tena mtu wa kumpa...