Dhambi za Kipkosgei Zinakunywa Chai Jikoni

Uvumi ulimpata Rodah kwenye foleni ya kituo cha kununulia majani chai, Boito, kikapu kikiwa mgongoni, mwaka ule kabla ya ile mvua kubwa ya tisini na saba. Aliyeuleta ni Nyabate, jirani yake kutoka Kisii. Alisema huko Kimulot wanaume wa kanisa wanaandika dhambi zao kwenye daftari, na dhambi ikishaandikwa inamtoka mwenyewe, inaenda kukaa jikoni kwa mama yake au kwa mke wake.

"Inakaa namna gani?" Rodah aliuliza.

"Kwa kiti. Na inakula."

Rodah alijaribu kuusahau uvumi huo. Alichuma, akakamua ng'ombe, akaenda kwaya, lakini wapi. Binti yake Cheptoo alikuwa amekubali kuolewa na kijana wa Kimulot, Kipkosgei, na koito, siku ya wazee wa pande mbili kukaa na kukubaliana, ilikuwa Jumamosi. Na kanisani kwao Kipkosgei ndiye alisifiwa kuliko wote kwa kuandika.

Akaenda Kimulot, akasingizia mbegu ya viazi. Mama yake Kipkosgei, Chepkemboi, alimkaribisha jikoni. Kando ya moto waliketi watu watatu waliofanana na Kipkosgei, ila wafupi kidogo. Mmoja alikuwa amelala na gambuti miguuni.

"Huyo ni Uvivu," Chepkemboi alisema akimimina chai. "Wa pale kona ni Hasira, usimpe kikombe cha kuvunjika. Na huyu..."

"Hapa hakuna mtu, mama," yule wa tatu alisema kwa heshima.

"Huyu ni Uongo."

Chepkemboi alieleza pole pole. Pasta Lazarus aliwafundisha wanaume kwamba kuandika kila siku mbele za Mungu ni nidhamu ya kiroho. Kipkosgei akaandika jinsi alivyoacha majani yakazeeka shambani, Uvivu akatoka kwenye ukurasa akaomba ugali. Akaandika jinsi alivyomtukana dada yake, Hasira akaingia akamaliza vikombe. Chepkemboi alijaribu kumpeleka Uvivu kituoni, ndani ya kikapu, maana kutembea alikataa. Karani Onchiri alimmwaga mezani, akamkagua kama majani mengine, akasema amekomaa sana, kiwanda hakitamchukua. Chepkemboi akambeba tena mpaka nyumbani.

"Wakioana, hawa watahamia kwa Cheptoo," alisema. "Mimi nitapumzika."

Rodah alimkuta Kipkosgei shambani. Alisimama mbali, kama mtu anavyosimama mbele ya mama mkwe, na gambuti zake hazikugusa matope. Alikuwa mwepesi, uso unang'aa.

"Kipkosgei, dada yako ulimwomba msamaha?"

"Niliandika, mama."

"Nauliza kama ulimwambia."

"Iko kwa daftari. Ukurasa mzima."

"Na yale majani, nani alichuma?"

"Si ni huyo dada." Upepo ulimsukuma kidogo, akashika kichaka cha chai asipelekwe bondeni.

Rodah akapita kwa Pasta Lazarus. Alimpata na fundi, wakiongeza chumba kwenye jikoni ya pasta.

"Mimi nafundisha dhambi iondoke," pasta alisema, akimshikia fundi bati. "Pa kwenda sijafundisha."

Nyumbani alimwambia Cheptoo kila kitu. "Mtoto wangu, utapikia wanaume wanne, na mmoja tu ndiye umempenda."

Cheptoo alicheka. "Afadhali huyu, mama. Zake umeziona. Za baba ziko wapi?"

Rodah alimwangalia mume wake, Mathew, aliyekuwa kitini akingoja maji ya kunawa yaletwe. Akaenda kuyaleta.

Jumamosi wageni walifika, na dhambi tatu nyuma yao, zimechana nywele. Rodah aliwaachia wazee, akijua watakataa. Mzee Kiptanui, msemaji wa upande wa msichana, aliziangalia.

"Hawa ni wa ukoo gani?"

"Ni wetu," wageni walijibu.

"Si wa ukoo wa msichana?"

"Hapana."

"Basi hakuna shida."

Wakapewa viti na mursik, maziwa ya kibuyu. Uvivu alipelekewa yake alipolala. Uongo aliombwa kufunga kwa maombi, akaomba vizuri sana, watu wengine wakalia. Chepkemboi alilala kwenye nyasi kabla chakula hakijaisha, wakamwacha.

Cheptoo aliolewa. Alijengewa jikoni kubwa, na Kipkosgei aliandika kwamba anashukuru. Dada yake bado hajaambiwa neno. Mathew naye alimtuma Rodah dukani amnunulie daftari.

"Wale vijana ni wepesi," alisema. "Mimi magoti yananiuma."

Mama mwenye binti, epuka haya:

Kumsifu mwanaume anayeandika kabla hujaingia jikoni kwao.

Kukubali "niliandika" pale umeuliza "ulimwambia?"

Kumpa Uvivu kikombe cha pili.

Kubeba dhambi ya mtu kwa kikapu. Kituoni hawapokei.

Kujengewa jikoni kubwa ukafurahi.

Kunyamaza ukingoja wazee wakatae.