Kwa Hiari Yake

Naomba nisiulizwe tena kama koala huambukizana klamidia, ugonjwa wa zinaa, kwa njia ile ile ya wanadamu. Ndiyo. Na mama humwambukiza mtoto pia. Hapa kwetu Queensland, Australia, kila mwanamume anayesikia kwamba nina koala wagonjwa barazani lazima atoe mzaha wake, kisha aucheke mwenyewe. Mume wangu Lindsay ndiye pekee aliyeacha kucheka, kwa sababu yeye ndiye anayefua mataulo yao.

Mabel, koala jike, aliletwa akiwa na macho mekundu yaliyogandiana kwa usaha, na matako yamelowa mkojo. Koala akishalowa nyuma namna ile, ujue ugonjwa umefika kwenye kibofu. Jirani yetu Clive alichungulia kwenye kikapu cha nguo nilichomlaza, akatikisa kichwa.

"Mpumzishe tu, Glenys. Sikio la kufa halisikii dawa."

Nilimfungia mlango. 

Dawa yenyewe ina balaa lake. Inaua klamidia, lakini inaua pia vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia koala kusaga majani ya mkaratusi, kwa hiyo anaweza kupona ugonjwa akafa njaa huku tumbo limejaa. Mabel aliponea chupuchupu. Kila asubuhi nilimkatia majani mabichi, naye alichagua matawi mawili na kuyaacha mengine, akinitazama kama mke mwenza anayetazama chungu changu. Ndiyo maana Dakta Shirani wa chuo kikuu alipokuja na chanjo yake, nilimpokea kwa mikono miwili. Chanjo ilikuwa imeanza kwa panya wa maabara, na sasa ilikuwa zamu ya koala wenyewe: baadhi wadungwe, baadhi wasidungwe, kisha walinganishwe. Mabel akadungwa na kuvishwa kola yenye redio ndogo ili tujue alipo. Shirani akaniambia kwamba Mabel akirudi mwituni akakaa bila kuugua, akazaa mtoto safi, basi kazi ya miaka yake yote haikupotea bure.

Sisi walezi wa wanyama tuna sheria moja tusiyoivunja. Koala hurudishwa kwenye mti ule ule alikookotwa. Ndiko kwao, ukimpeleka kwingine atazunguka akitafuta kwao mpaka afe. Nikamrudisha Mabel kwenye mkaratusi wake mkubwa ulioko nyuma ya kilima, akapanda bila hata kugeuka kunitazama. Shirani alimpima kila baada ya muda, na kila mara alikuwa mzima. Mara ya mwisho alikuta mtoto ndani ya mfuko wa tumboni mwake. Tulikumbatiana pale chini ya mti kama wendawazimu.

Mwitu ule ulikwisha kuuzwa kwa kampuni ya kujenga nyumba. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa imechangia chanjo, ikasimamisha bango kando ya barabara lenye picha ya Mabel na maneno kwamba inawajali koala. Sisi tukavishwa kilemba cha ukoka, tukatabasamu mbele ya kamera. Hasira yangu hainiruhusu kuikumbuka siku hiyo bila kusaga meno.

Siku ya kukata, mtu wao mwenye darubini alipita akikagua, akafunga utepe wa waridi kwenye mti wa Mabel. Mti wenye koala haukatwi mpaka ashuke mwenyewe. Hiyo ni sheria ya nchi. Wakaufuata utepe huo kwa heshima zote. Wakakata mingine iliyouzunguka, pande zote, mpaka mti wa Mabel ukabaki peke yake kwenye udongo mwekundu. Msimamizi wao, kijana anayeitwa Brodie, aliniletea chai.

"Sheria tunaifuata, mama. Mti wake hatujaugusa."

"Na akishuka, aende wapi?"

Alitazama buti zake. "Hilo sheria haisemi."

Koala hali udongo. Jioni nilirudi nyumbani kulisha wagonjwa wengine, na Mabel alishuka giza lilipoingia. Asubuhi Shirani aliifuata sauti ya redio mpaka barabarani, akanipigia simu niende. Gari lilikuwa limempitia, karibu na lile bango lenye picha yake. Mfukoni mtoto alikuwa hai, akitetemeka, akiwa bado ameng'ang'ania chuchu.

Tulipopita kilimani kurudi nyumbani, mti ulikuwa umeshalala chini na utepe wake. Brodie alisema wamefuata utaratibu, kwamba mkazi aliondoka kwa hiari yake. Nasema kweli, kama Lindsay asingenishika mkono, kijana yule angeonja kofi langu.

Shirani alimpasua Mabel mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi. Kibofu kisafi, kizazi kisafi, na mtoto naye akapimwa akakutwa safi. Aliniambia jikoni kwangu, macho yamemvimba.

"Chanjo imefanya kazi, Glenys. Imefanya kazi kabisa."

Basi sikio la Mabel lilisikia dawa. Wasiosikia ni wengine.

Wiki iliyofuata mwanamke mmoja wa kampuni alinipigia simu, sauti ya asali. Walikuwa wamesikia habari njema ya mtoto, wakataka picha yake kwa bango jipya, na wangefurahi kuwapo na kamera siku ya kumrudisha mwituni. Mtoto alikuwa kifuani pangu ndani ya kifuko cha sufu, amelala, kucha zake zimekamata fulana yangu.

"Njooni," nikamwambia. "Sisi humrudisha mtoto kwenye mti wa mama yake. Njooni mnionyeshe ni upi."

 Nilisubiri na simu sikioni mpaka alipokata yeye.