Uzito wa Silantoi

Silantoi aliposema, "Koko, kesho asubuhi napimwa uzito," bibi yake Nalepo alifurahi kimoyomoyo. Yeye ndiye aliyembeba mjukuu huyo kwenda kliniki, enzi zile mtoto akitundikwa kwenye mizani na nesi akisema ameongezeka, kina mama wote wanatabasamu. Basi akapika loshoro, mahindi laini katika maziwa ya mgando, akajaza bakuli.

"Koko, nimeshiba."

"Umeshiba nini, na mbavu zinahesabika? Unataka mizani ituaibishe? Kula, mama."

Silantoi akamtazama bibi yake, akala. Akaongezwa, akala tena.

Kesho yake, kwenye ukumbi wa ngumi Moshono, mizani ilionyesha kilo hamsini na nane. Kikomo cha uzani wake kilikuwa hamsini na saba. Waamuzi wakampa muda wa saa mbili aipunguze hiyo kilo moja. Nalepo, aliyekuja na chupa ya chai, alimkuta amevalishwa masweta mawili na koti la mvua, anaruka kamba juani, anatema mate kwenye kikopo, na maji haruhusiwi hata tone.

Uzito ukatimia. Mchana, raundi ya kwanza aliongoza. Ya tatu miguu ikagoma, ngumi zikawa za mtu anayefukuza nzi. Nafasi ya timu ya mkoa ikaenda kwa mpinzani wake, binti wa Usa River.

"Miezi minne!" kocha Lesian alifoka. "Tumekimbia milimani mpaka pumzi ikakaa sawa, halafu unaingia ulingoni umekauka! Mwili ukikosa maji, moyo unahangaika bure. Jana ulikula nini?"

"Chipsi, kocha. Tamaa yangu tu."

"Basi kaolewe na muuza chipsi. Kwangu usirudi."

Nalepo alisikia uongo ule, na ukamchoma kuliko ngumi zote za siku hiyo. Akasogea.

"Mwalimu, ni mimi. Loshoro, bakuli mbili. Nilidhani mizani yenu ni kama ya kliniki."

Mabondia wawili wakacheka. Lesian hakucheka. Alimvutia kiti.

"Shikamoo, koko. Kaa. Nilipaswa kufika nyumbani kukueleza, sikufika." Akamgeukia Silantoi. "Jumatatu uje mazoezini."

"Na timu?" Nalepo aliuliza.

"Majina yameshatumwa, koko."

Nalepo akamgeukia mjukuu wake. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Nalepo akauchukua mkono wa binti, akaanza kuufungua bandeji taratibu.