Ida Aenda Kufariji

Tatizo la Ida lilianzia kaburini. Siku wanamzika mumewe, Lenard, alisimama mbele ya usharika mzima, macho makavu, akamshukuru Mungu kwa miaka kumi na tisa ya ndoa. Watu wakapigwa butwaa. Mchungaji akasema hiyo ndiyo imani. Jamani, watu wakishasikia neno kama hilo hawakuachii tena. Tangu hapo, kila palipofiwa pale mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, aliitwa Ida akatoe ushuhuda, ili wajane wajifunze kujikaza.

Ukweli aliujua mwenyewe. Siku ile hakuwa na imani kubwa wala ndogo. Alikuwa amekufa ganzi tu. Ganzi ilipoisha, usingizi nao ukamtupa mkono. Miezi saba sasa. Akijilaza, macho kodo. Akipiga magoti, midomo inacheza, moyo haupo. Mchana ndio hatulii kabisa: atafagia uwanja aliokwisha kuufagia, atapalilia viazi visivyo na magugu, atakwenda sokoni arudi mikono mitupu. Na amwambie nani? Mama wa imani akisema hapati usingizi, si watasema alikuwa anaigiza? Aliliogopa hilo kuliko kitu chochote.

Jumamosi moja wakamchukua hadi Makambako. Scola, binti wa usharika aliyeolewa kule, alikuwa amefiwa na mumewe, dereva wa lori, na tangu wazike hali chakula, hasemi. Njiani mchungaji alimwambia Ida kwamba binti huyu anahitaji kumwona mwanamke aliyeshinda. Ida aliitikia, huku vidole vyake vikichokonoa pindo la kitenge mpaka nyuzi zikatoka.

Uwanjani walikaa madereva, Waislamu kwa Wakristo. Ndani, wanawake walimzunguka mjane kwenye godoro lililotandikwa chini. Ida akapewa nafasi karibu naye. Akaanza kwa sauti yake ileile ya siku zote, kwamba Mungu hamwachi mjane, kwamba yeye mwenyewe yalimkuta na akasimama imara. Scola alimtazama usoni, kisha akamuuliza kitu ambacho hakuna mjane aliyewahi kumuuliza.

"Mama, wewe ulianza kulala baada ya siku ngapi?"

Hapo sasa. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva. Angesema siku tatu, yakaisha. Lakini yule binti alikuwa anaingoja hiyo namba kwa dhati, aanze kuhesabu, na Ida akaona aibu kumdanganya mtu mwenye macho mekundu kama yake.

"Bado, mwanangu," alisema. "Miezi saba. Na kuomba siwezi."

Mchungaji, aliyekuwa mlangoni, akakohoa. Wanawake wakatazamana. Ida alingoja waseme, na machozi aliyolinyima kaburi yakaja yote kwa mpigo, na kamasi juu. Scola alisogea ukutani, akapigapiga nafasi iliyobaki godoroni, na Ida akajilaza pale na kilemba chake kichwani.

Alasiri mchungaji akamtuma mama mmoja ndani. Watu wamekwisha kukaa uwanjani, wimbo umeimbwa, ushuhuda unasubiriwa.

Scola akamvutia Ida blanketi mpaka mabegani.

"Mwambie mchungaji, mama amelala," alisema. "Asiamshwe."