Nani Atabaki na Cadi?

Kazi ilipatikana. Hilo lenyewe lilikuwa la ajabu, maana Lowri alikuwa akiomba kazi kama mtu anayepiga mswaki, kwa mazoea tu. Kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, kuanzia Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Rhodri, kijana wa ofisi ya posho za serikali, alishangilia kwenye simu utadhani Wales wamefunga bao.

"Hongera, dada! Umefurahi?"

"Nimefurahi," akasema Lowri.

Hakuhisi kitu. Tangu mumewe Gethin afungashe virago akaenda kuishi na mwanamke wa Cardiff, alikuwa hivyo, mwili mzima ganzi. Anapika, anaosha, anamvalisha mtoto, basi.

"Na mtoto, nani atabaki naye?" Rhodri akauliza.

Hapo ndipo penye shughuli. Cadi alikuwa na miaka miwili na nusu, na chekechea ya mji wao, Tredegar, hufungua saa mbili, wakati huo Lowri keshapiga pasi mlima wa mashuka. Serikali ingemrudishia sehemu kubwa ya malipo ya mlezi, mradi mlezi awe amesajiliwa. Aliyesajiliwa na anayepokea watoto alfajiri alikuwa mmoja tu, Glenys. Lowri alipompigia, hata swali hakumaliza.

"Nimejaa, mpenzi wangu. Sheria imenipangia idadi. Nikiongeza kichwa kimoja tu, wananifungia."

Rhodri, alipopigiwa tena, akasema basi labda bibi yake mtoto. Bibi hahitaji kusajiliwa, ila naye serikali haitamlipa.

"Nitaona," akasema Lowri.

Na bibi alikuwepo! Mtaa ule ule, nyumba ya tatu kutoka kwake. Nerys, mama yake Gethin, mjane, mstaafu, mtu wa kuamka kabla ya jogoo. Tangu mwanawe aondoke, kila akikutana na Lowri humwambia, "Ukihitaji chochote, we sema tu." Na kila mara Lowri humjibu, "Tuko sawa, mama, usijisumbue."

Ndivyo walivyo watu wa huku, Mungu awasamehe. Nimekaa nao miaka na bado wananishinda. Mtu maji yamemfika shingoni, ukimnyooshea mkono anakwambia asante, nisije nikakulowesha. Kuomba kwao ni aibu. Kukubali unapokaribishwa mara ya kwanza ni uroho. Na kumpa mtu asichoomba ni kujitia kwenye mambo yasiyokuhusu. Haya, niambieni, msaada upitie wapi?

Ijumaa Lowri akajikaza, akamchukua mtoto, akaenda kuomba.

"Karibuni, karibuni, msitazame vurugu," akasema Nerys, na nyumba inang'aa hata nzi angeteleza. Akachemsha maji, akatoa biskuti. Wakazungumza mvua. Wakazungumza mapipa ya taka, kwamba siku ya kuyatoa nje imebadilishwa tena. Wakamsema mbwa wa jirani. Cadi alikuwa chini, amejichotea vidoli vya mpira kutoka kwenye droo ambayo bibi yake alimjazia.

"Jumatatu utakuwa na shughuli, mama?" Lowri akauliza, macho kwenye kikombe.

Nerys akashtuka kidogo. Kusema huna la kufanya ni kama kuombaomba wageni. "Aa, nina mambo yangu ya hapa na pale. Kwani kuna nini?"

"Basi tu. Nilikuwa nauliza."

"Kama kuna jambo..."

"Hapana, hakuna jambo."

Sisi husema kisebusebu na kiroho papo. Wao methali hiyo hawana, lakini ndio wanaoiishi. Lowri akamaliza chai yake, akakataa kikombe cha pili ambacho alikitaka, akamvalisha mtoto koti wakarudi nyumbani.

Jumapili baada ya chakula akamwandikia msimamizi wa nyumba ya kufulia, Bi Tudor. Samahani sana, sitaweza kuanza kesho, samahani kwa usumbufu. Jibu likaja simu ingali mkononi: hakuna tatizo, kuna msichana alikuwa akisubiri nafasi, tumempa yeye, kila la heri.

Lowri akasoma. Akangoja uchungu uje. Haukuja. Akaenda kuosha sufuria.

Jumatatu alfajiri mlango ukagongwa. Alikuwa Nerys, mwavuli unachuruzika, mfuko wa vyakula begani.

"Pauline wa dukani ndiye aliyeniambia, jana jioni. Mkweo anaanza kazi kesho, ati! Mimi, bibi wa mtoto, nasikia dukani kama bei ya mkate!"

"Mama, mimi..."

"Usiniambie mko sawa! Leo ukiniambia hivyo, Lowri, nakucharaza na mwavuli huu." Akautua mfuko. "Mwanangu kakutupa, nikajua unaniona mimi na yeye ni wamoja. Nikajua hutaki nimguse mtoto. Ijumaa nikakwambia nina mambo. Mambo gani? Nina televisheni na paka."

Lowri akafungua mdomo amwambie kwamba kazi haipo. Akaona Nerys amechana nywele. Amepaka na rangi ya mdomo, alfajiri ile, kwa ajili ya mtoto ambaye bado amelala.

"Asante, mama," akasema.

"Basi nenda! Siku ya kwanza hiyo, utachelewa!"

Akavaa koti. Nerys akamtia mkononi mkate wenye jibini, akasimama dirishani kumpungia, na kwa kuwa alikuwa anatazamwa, Lowri akapanda basi. Akashuka hospitalini, akazunguka nyuma kwenye nyumba ya kufulia. Ndani msichana mmoja alikuwa anaonyeshwa pa kutundika koti lake. Bi Tudor akatoka mlangoni.

"Mimi ndiye Lowri," akasema. "Niliandika jana. Nilikuwa sina mtu wa kubaki na mtoto, sasa amepatikana."

"Mtoto?" Bi Tudor akamtazama. "Jamani, mpenzi, si ungesema! Wenye watoto humu nawaanzisha saa tatu. Uliniandikia huwezi. Nikajua hutaki."

"Na sasa?"

"Sasa nafasi imeshakwenda. Pole sana."

Mficha uchi hazai. Lowri akaenda kukaa kwenye chumba cha kungojea madaktari, mahali ambapo hakuna anayemuuliza mwenzake amefuata nini. Akala ule mkate. Watu wakaitwa majina, wakaingia, wakatoka. Alasiri, saa ambayo zamu ingekwisha, akapanda basi la kurudi.

Nyumba ilikuwa inanukia mchuzi wa kondoo. Cadi alikuwa mapajani kwa bibi yake, vidole vyote rangi, na bibi mwenyewe ana rangi puani.

"Hajalia hata kidogo!" Nerys akasema, uso umemchangamka kama wa msichana. "Tumelisha bata, tumelala, tumechora paka. Haya nambie, kazi ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Wanakutendea vizuri?"

"Vizuri."

"Unaona! Na kesho nije saa ngapi?"

Lowri akavua koti, akalitundika taratibu.

"Saa ile ile," akasema.