Hiari ya Komeo

Komeo alifunga bandeji ya goti kwanza, ndipo akavaa suruali, ili katibu wa klabu asije akaiona. Alikuwa beki wa kulia mwenye miaka thelathini na mbili, na jina hilo mashabiki walimpa enzi zile ambazo hakuna winga aliyempita. Siku hizi walikuwa wanapita.

Mkataba wake ulikuwa umeisha jana. Timu nyingine ilikuwa tayari kumchukua na kumlipa pesa ya usajili, mradi barua ya kuachiwa ifike kabla ya saa kumi, dirisha la usajili linapofungwa. Mkewe, fundi cherehani, alishazipangia kazi pesa hizo.

"Miaka kumi unacheza kwenye viwanja vya watu," alimtania akimpigia pasi shati. "Sasa na sisi tupate chetu."

Walikuwa na chumba kimoja, watoto watatu na cherehani. Hata utani ulikosa pa kukaa.

Ofisini katibu alimkaribisha vizuri, akamuulizia watoto, halafu akamsogezea karatasi. Haikuwa barua ya kuachiwa. Ilikuwa taarifa kwamba ameongezewa mwaka mmoja, kwa mshahara uleule.

"Mbona mimi sijakubali, mzee?"

"Kifungu cha tisa. Mkataba utaongezwa kwa hiari."

Kifungu hicho Komeo alikikumbuka. Alipokisoma miaka miwili iliyopita alifurahi, akadhani hiari ni yake.

"Basi mimi sina hiari hiyo. Nataka kuondoka."

Katibu akafunua ukurasa wa mwisho, ulioeleza maana za maneno kwa herufi ndogondogo. *Hiari: uamuzi wa klabu.* Akafafanua taratibu, bila ubaya, kwamba pesa ya usajili hulipwa kwa mkataba mpya tu, na huu si mpya, ni uleule umerefushwa. Komeo akauliza habari za mwakani. Katibu alilitazama goti, ingawa lilifichwa na suruali, akasema mwakani wataona.

Komeo alijua wataona nini. Hakuna timu itakayomlipa usajili mtu wa thelathini na tatu anayechechemea. Hasira zilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, maana sahihi pale chini ilikuwa yake, tena ameiandika kwa madaha.

"Saini hapa kwamba umepokea."

"Sisaini."

Katibu hakukasirika. Aliifunika kalamu yake.

"Haidhuru, kijana wangu. Ile ya miaka miwili iliyopita inatosha. Na mazoezi ni saa tatu. Mchezaji mwenye mkataba akikosa, anafungiwa."

Simu ilitetemeka mfukoni alipokuwa akishuka ngazi. Alikuwa mkewe. Komeo akaiacha itetemeke mpaka ikachoka. Uwanjani filimbi ilikuwa imeshalia. Alikuwa amechelewa dakika nne, na kocha msaidizi akamwandikia faini, ya kwanza katika mwaka ambao hakuukubali.