Nyayo za Kwenda na za Kurudi

Binti yangu Kendi alipata nafasi ya kusomea unesi, kisha akaniambia anataka kusomea nyayo. Nyayo! Zingekuwa za mwizi, angalau polisi wangempa mshahara. Lakini hapana, ni nyayo za watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita, huko jangwani Amerika. Nilikuwa nakanda unga wa chapati, na nusura nimrushie donge lote.

"Wacha mchezo, Kendi."

"Sichezi, Mum. Nina mahojiano Alhamisi saa kumi, kwa kompyuta. Nikipita, watanilipia masomo yote huko, miaka miwili. Lakini usiponibariki siendi."

Hapo akanishika pabaya. Mtoto wa Kimeru, hata akikulia huku Aston kwa Waingereza, anajua kwamba safari bila baraka za mzazi haina heri. Kwa hiyo ningenyamaza tu, na angebaki. Na mimi nilitaka abaki. Wacha niseme ukweli mapema ili msinihukumu: habari za unesi nilikuwa naziimba mdomoni tu. Kilichonitisha ni nyumba. Tuko wawili, na akiondoka nabaki mmoja.

Basi nikafanya anachofanya mama yeyote wa kwetu mtoto akikaza kichwa. Nikaita kikao, aketishwe chini aambiwe. Nikamwita Edah, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, ambaye akikushauri unashaurika upende usipende. Nikamwita pia jirani yetu Mzee Charanjit, Singh wa kuzaliwa Kisumu. Ametoka Kenya zaidi ya miaka hamsini na Kiswahili chake bado hakijachuja. Kendi anamheshimu kama babu yake.

Ikawa Jumamosi, siku ya mechi. Edah alifika amechelewa, akiwalaani mashabiki waliojaza barabara. Tukanywa chai, tukala chapati na ndengu. Edah akaomba, akasafisha koo.

"Kendi, mama yako amelia sana juu yako," akaanza. Sikuwa nimelia hata tone, lakini kikao huanza hivyo. "Na wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hebu kwanza tueleze, hizo nyayo ni za nini?"

Kosa letu lilikuwa hapo. Kikaoni mtoto hupewa nafasi ajieleze, halafu ndipo anakanywa. Huyu alipopewa nafasi akaleta kompyuta yake, akaiunganisha na televisheni, akazungumza dakika kumi bila kukohoa. Kumbe yalikuwa yale yale aliyopanga kuyasema Alhamisi! Sisi tulioitwa kumzuia tukageuka kuwa watu wa kumfanyisha mazoezi.

Alisema kwamba zamani za baridi kali maji mengi yaliganda yakawa barafu juu ya nchi kavu, bahari ikashuka, na kati ya Asia na Amerika pakatokea ardhi pana ambayo watu na wanyama waliweza kuipita kwa miguu. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini watu waliingia Amerika miaka kama elfu kumi na tatu iliyopita, barafu ilipoanza kuachia njia. Kisha huko New Mexico, mahali palipokuwa ukingo wa ziwa, zikapatikana nyayo ndani ya udongo, nyingi za watoto na vijana. Zikapimwa mbegu za majani zilizofukiwa pamoja nazo. Jibu likaja kati ya miaka elfu ishirini na moja na elfu ishirini na tatu. Watu wakabisha, zikapimwa tena kwa njia nyingine, hesabu ikarudi pale pale. Na hadi leo wapo wanaobisha.

"Ngoja kwanza," akasema Mzee Charanjit, ameshasahau chai yake. "Kama barafu ilikuwa imeziba, hao walipita wapi?"

"Labda walipita kabla haijaziba, Anko. Au walifuata pwani kwa vyombo vidogo, wakila samaki na kome. Hatujui. Ndiyo maana nataka kwenda."

"Shabash! Babangu alitoka Punjab mpaka Kisumu. Mimi Kisumu mpaka hapa. Na wajukuu wangu hawafiki hata Moseley hapo karibu bila teksi!"

Edah akacheka mpaka chai ikampanda puani. Niliwatazama wote wawili. Wasaliti wakubwa, na chapati zangu mkononi.

Kendi akaweka picha nyingine. Hizi, akasema, ni nyayo za jangwa lile lile, lakini za baadaye, ingawa nazo zimepita miaka elfu kumi. Mtu mmoja, mwanamke au kijana, alitembea kwenye matope zaidi ya kilomita moja akiwa amebeba mtoto mdogo. Inajulikana kwa sababu hapa na pale zinatokea nyayo ndogo kando ya zile kubwa, kisha zinapotea.

"Hakumbeba mgongoni," nikasema.

Wakanigeukia. Sikuwa nimekusudia kufungua mdomo. Lakini mimi miaka kumi na minne nafundisha wahudumu wapya jinsi ya kuwainua wazee na kuwatembeza, na mtu akiingia mlangoni namtazama miguu kabla ya uso. Nikasimama, nikaisogelea televisheni.

"Amembeba kiunoni, upande mmoja. Tazameni mguu wa kushoto ulivyoelemewa, unateleza. Hapa amechoka, akamtua. Halafu akamchukua tena. Na ana haraka, huyu. Hatua zenyewe si za mtu anayetembeatembea."

Kendi alikuwa ameachama. "Mum, wataalamu waliandika karibu hayo hayo, na wao walipima wee!"

"Si wangeniuliza. Na huu mstari wa pili ni wa nani?"

"Ni yeye yule, anarudi. Njia ile ile, muda mfupi baadaye. Lakini nyayo ndogo hazipo tena. Amerudi bila mtoto, na hakuna anayejua mtoto alibaki wapi. Hapo ndipo watanibana Alhamisi."

"Maskini, alikufa," akasema Edah.

"Hakufa." Nikaufuata ule mstari kwa kidole. "Amempeleka kwa mtu. Kwa mamake, labda."

"Umejuaje?"

"Sijui, Edah, nakisia tu. Lakini angalia, akirudi amekwenda moja kwa moja. Hakusimama, hakugeuka. Ukimwacha mtoto wako mzima mahali, ukageuka hata mara moja, huondoki tena."

Edah anajua habari yangu, na Mzee Charanjit anaijua nusu. Kendi alikuwa na miaka mitatu nilipomwacha kwa mama yangu, kijijini kwetu Nkubu, nikaja huku kutunza mama za watu wengine. Makaratasi yakanizungusha miaka sita. Alifika ana miaka tisa, na tangu hapo siku ile nilipoondoka hatukuwahi kuitaja. Hata mara moja.

"Hukugeuka," Kendi akasema. Yeye huchanganya Kiingereza kila neno la tatu, lakini hapo alisema Kiswahili kitupu. "Nilikuwa langoni na Nyanya, nangoja unipungie mkono. Hukugeuka. Nikajua umefurahi kuondoka."

"Nimefurahi? Ai, Kendi! Nililia kutoka Nkubu mpaka Nairobi. Watu kwenye basi walinipa pole wakidhani nimefiwa. Ningegeuka nikuone, nisingepanda basi lile. Haki ya Mungu, nisingepanda."

Alikuja akakaa sakafuni, jitu zima, akalaza kichwa pajani pangu. Edah akaanza kukusanya vikombe. Kikao kikaishia hapo, hakuna aliyekanywa.

Alhamisi niliahidi kukaa jikoni nisisikilize. Nilikaa jikoni na nikasikiliza. Kweli, mzungu mmoja akamwuliza anadhani mtoto alikwenda wapi.

"Ushahidi hautuambii, na sitajifanya najua," Kendi akajibu kwa Kiingereza chake kizuri. "Lakini mama yangu hufundisha watu kubeba na kuinua wagonjwa, na aliusoma mguu wa kushoto kwa dakika moja. Ningependa utafiti wangu uwaulize watu wanaojua kubeba."

Kisha nikasikia mtu akisema, "Hebu endelea hapo."

Baada ya siku kumi, tumetoka kanisani na viatu bado miguuni, barua ikaingia kwenye simu. Amepita. Akaiweka simu mezani mbele yangu.

"Bado sijawajibu," akasema.

Ningependa kuwaambia kwamba nilipiga vigelegele. Sikupiga. Niliona jioni za Novemba, mvua, na mimi nikijipikia ugali wa mtu mmoja. Neno "baki" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Na angebaki, huyo mtoto. Angekwenda kusomea unesi bila kinyongo, na mimi ningekuwa nimempoteza yuko ndani ya nyumba.

"Waandikie unakwenda," nikasema.

Akapiga magoti pale pale jikoni. Nikamwekea mikono kichwani, nikambariki kwa Kimeru, miguu yake, macho yake, watu atakaokutana nao. Nilipomaliza sikuiondoa mikono.

"Kumbe kubaki kunauma hivi," nikamwambia. "Mimi nilijua kuondoka tu. Wewe uliyabeba haya miaka sita, na udogo ule?"

"Kila siku," akasema. "Lakini ulirudi kunichukua, Mum."